Ligi ya Donatien

"Jezi tu! Kila mwaka banatubadilishia jezi na nywele za bachezaji, banasema ni gemu mupya!" Adrien alikuwa amesimama juu ya benchi la mbele la chumba cha gemu cha Marguerite, maneti ya kuchezea mkononi, waya wake ukining'inia bila kuchomekwa popote. "Mupira ni ule ule. Wavu ni ule ule. Batu banalipa jezi!"

"We hujacheza ile mupya, unasema nini?" Vanessa alimjibu kutoka dirishani. Alikuwa ametoka kuuza nyanya ng'ambo, Bukavu, na beseni lake tupu lilikuwa chini ya miguu. "Kule Kamembe, kwa mashine mupya, muchezaji akikimbia sana unaona jasho. Jasho, Adrien! Kwa shingo!"

"Jasho nitaiona bure pale sokoni."

"Na ile mashine ingine, ya bapinzani babo?" Vanessa aliendelea. "Iko na nguvu zaidi, lakini haina gemu za muzuri."

"Nguvu ya nini? Ya kubeba simenti?"

Chumba kizima kiliangua kicheko. Marguerite hakucheka. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya televisheni, bisibisi mkononi, akifungua na kukaza skrubu ile ile kwa mara ya nne. Hakukuwa na cha kutengeneza. Kilichoharibika kilikuwa mfukoni mwa aproni yake, kidogo kuliko kiberiti, na kilikuwa kimekufa tangu saa mbili asubuhi.

Ilikuwa kadi ya kumbukumbu, ile inayochomekwa kwenye mashine ili mchezo usisahau. Ndani yake mumewe, Donatien, alikuwa ameweka ligi. Si ligi ya Ulaya. Alifuta majina ya Wazungu mmoja mmoja, akaandika watu wa hapa, herufi baada ya herufi, kwa miaka sita: timu ya Cyangugu, ya Gashonga, ya Gikundamvura, na ya mitaa ya Bukavu alikokulia kabla familia haijarudi Rwanda. Dereva wa pikipiki alikuwemo. Muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, alikuwemo, na shemasi mwenye miguu mirefu pia. Na Donatien hakuwa na upendeleo. Ukinenepa, alikupunguzia mbio, hata uje kulalamika mlangoni na mkeo. Yeye mwenyewe alijiweka golini Cyangugu, akajipa mikono mibovu, na kila alipofungwa chumba kilimzomea naye akainuka kupunga mkono.

Donatien alifariki miaka miwili iliyopita. Ligi ikabaki, ikamlisha mjane wake kwa sarafu za waliokuja kucheza. Jasho la Kamembe lilikuwa zuri, lakini kule mtu hakujikuta ndani ya mchezo. Hapa muuza sambaza alifunga goli dakika ya tisini, na Jumatatu wateja wakampongeza kwenye meza yake.

Sasa hiyo ligi haikuwepo, na aliyeiua ni Marguerite.

Mashine ya zamani ilikuwa imegoma kusoma diski, akamwagiza mfanyabiashara wa Bukavu, Nsimire, amtafutie nyingine iliyotumika. Ikaja jana, safi, maandishi yake yote ya Kijapani. Asubuhi Marguerite alichomeka kadi ahakikishe ligi ipo. Akaiona, kipicha kidogo kinachozunguka, moyo ukatulia. Akataka kutoka. Miaka yote vidole vyake vilijua kwamba kitufe cha msalaba ni ndiyo na cha duara ni hapana. Akabonyeza duara. Maandishi mengine yakatokea. Akabonyeza duara tena. Hakujua kwamba mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya Japani zina desturi yao, kwamba kwao duara ndilo lenye maana ya ndiyo. Kila alipobonyeza atoke, alizidi kuingia. Lilipokuja swali la mwisho, lenye majibu mawili, alishuka hadi la chini akifikiri ndipo penye mlango wa kutokea, akabonyeza duara, hapana yake, kwa nguvu zake zote. Kipicha kikaanza kufifia. Hapo akapiga ukelele, akaichomoa kadi taa ya mashine ikiwa bado inakonyeza.

Tangu hapo, akiichomeka, mashine inafanya kama haijachomekwa kitu.

"Maman Marguerite," Adrien aliita, "saa saba imefika. Weka ligi. Leo Cyangugu na Gashonga, nitabafunga mpaka balie."

Alitamani kubaki nyuma ya televisheni mpaka watu wote wachoke na kwenda zao. Lakini leo hasa hakutaka waende. Nyumba ilikuwa ya ukoo, na shemeji yake, Hakizimana, kaka mkubwa wa Donatien, alikuwa amesema neno lake wiki iliyopita, bila ukali, jambo lililomtisha zaidi. "Jumamosi nitapita. Nikikuta batu, unaendelea. Nikikuta viti tu, unanipa ufunguo, unarudi Gashonga kulima. Mihogo haichagui mujane."

Marguerite alisimama. Magoti yalimuuma.

"Haiko," alisema.

"Nini haiko?"

"Ligi. Nimeifuta." Akaitoa kadi mfukoni akaiweka juu ya televisheni, kama mtu anayeonyesha jino lililong'oka. "Sikutaka. Mashine ilikuwa inaniuliza, mi najibu hapana, kumbe hapana yangu njo ndiyo yake. Nisameheni. Miaka yote ya Donatien, nimefuta na kidole moja."

Adrien alishuka kwenye benchi taratibu, akaichukua kadi, akaipuliza, akaichomeka, akaichomoa, akaipuliza tena. Wengine walimzunguka, kila mmoja na dawa yake: geuza mashine juu chini, ipanguse kwa kitambaa, iache ipoe. Waliyafanya yote. Kioo cha televisheni kiliwaonyesha Wazungu wa miaka ya zamani, ambao wengi wao sasa ni makocha wenye vitambi.

Wa kwanza alirudisha kikombe cha chai kwenye kona, akaondoka. Wa pili aliangalia simu yake kana kwamba imemwita. Vanessa alibeba beseni lake, akasimama mlangoni.

"Pole, Maman. Vraiment, pole ya kweli. Lakini niko na Jumamosi moja tu kwa juma."

"Najua, mwanangu. Enda."

Alimaanisha hivyo, na ndiyo maana iliuma. Hata yeye asingekaa kwenye benchi la mbao kutazama watu asiowajua wakicheza. Viti kumi na viwili vilibaki na Adrien mmoja, naye hakuwa amekaa.

"Mashine haiwezi kushika majina bila kadi?" Adrien aliuliza.

"Inashika. Mpaka izimwe."

"Basi andika. Mi nashuka mupaka, navuka kwa Nsimire, nitamukamata anipe kadi ingine. Masaa mbili, tatu, niko hapa. Usizime."

"Adrien." Marguerite alimwonyesha dirisha. Juu ya ziwa, upande wa Bukavu, mawingu yalikuwa yameshakaa meusi, na kila mtu wa Cyangugu alijua umeme wa mtaa huu haukuwahi kuvumilia mvua ya maana.

Adrien alitazama mawingu, kisha akaanza kukimbia.

Marguerite aliketi, akashika maneti. Akaifungua timu ya kwanza, Cyangugu, akaanza kufuta na kuandika. Alishangaa kwamba anawajua. Hakuwahi kucheza hata mara moja, lakini miaka minane alikuwa amesikia majina hayo yakipigiwa kelele akiwa anauza chai kwenye kona, na yalitoka yenyewe kwa mpangilio wao, beki wa kulia, beki wa kushoto, kiungo. Mbio zao tu hakuzijua. Alimpa shemasi mbio nyingi kwa sababu ya miguu yake, akahisi Donatien angekataa.

Alikuwa kwa mchezaji wa tisa Hakizimana alipoingia, mwavuli mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Alihesabu viti kwa macho, akaviona vyote, akaketi kwenye kimojawapo.

"Shemeki," alisema.

"Shemeki. Karibu." Hakuacha kuandika.

"Nilisema Jumamosi."

"Ulisema. Ufunguo uko pale kwa musumari. Lakini nakuomba, usigeuze kile kiwashio. Ukiizima, hawa bote banakufa."

Hakizimana alitazama kioo. Hakuwahi kuingia hapa mchezo ukiwa umewashwa. Alikuwa mtu wa mahindi na saruji, na mambo ya mdogo wake aliyaita upuuzi hata siku ya msiba. Akasoma majina polepole, midomo ikicheza: dereva wa pikipiki. Muuza sambaza. Shemasi.

"Uyu namujua," alisema. "Ananidai debe ya maharage."

Matone ya kwanza yaligonga bati, machache, makubwa. Taa ya dari ikafifia, ikarudi. Marguerite aliinua mkono mmoja akauweka juu ya mashine, kama unavyomwekea mtoto mwenye homa, na kwa mkono mwingine akaendelea kutafuta herufi. Alikuwa akilia sasa, na hakujisumbua kuficha.

Kumi walikuwa wamejaa. Ilibaki nafasi ya golini, na pale bado lilikaa jina la Mzungu.

"Na uyu wa kushika mipira," Hakizimana aliuliza, "ni nani?"

"Ni mudogo wako."

Mvua ikashuka yote kwa pamoja. Hakizimana aliinuka, akaenda ukutani, akasimama mbele ya msumari wenye ufunguo. Kisha akafungua mwavuli wake mle mle chumbani, akarudi, akaushikilia juu ya mashine, mahali ambapo bati lilikuwa limeanza kuvuja.

"Andika, basi," alisema. "Kabla haijakatika."

Marguerite alifuta jina la Mzungu. Akatafuta D, akaipata. Akatafuta O. Taa ya dari ikakonyeza, naye akaanza kutafuta N.