Faini ya Bonde la Akiba

Bonde la akiba halikanyagwi na kwato hata moja kabla wazee hawajalifungua. Ng'ombe akiingia, mwenye ng'ombe hutoa fahali, na fahali huyo huchinjwa ukingoni pale pale na kuliwa na watu wote isipokuwa mwenye ng'ombe. Wala haulizwi mchungaji alikuwa wapi. Katika kijiji kile cha upande wa Mugeta sheria hiyo haikuandikwa popote, na hapakuwa na aliyehitaji kuandikiwa. Baada ya mavuno mifugo ilijitembelea huru vilimani, ya huyu ikichanganyika na ya yule. Bonde peke yake lilisubiri ukame.

Mlinzi wake alikuwa mzee Nyamhanga, mtu aliyefunga kifungo cha shati cha shingoni hata wakati wa joto kali. Mwaka ule wa themanini na saba mvua zilikatika mapema, naye alijua kwamba majani yale yakiliwa sasa, ifikapo Septemba watu watachuna ngozi badala ya kukamua maziwa. Kwa hiyo alipokuta kinyesi kibichi kando ya kijito, na miba iliyoziba kivuko imesukumwa kando, alirudi nyumbani mbio.

"Ni Stanislausi," alimwambia mkewe, Dafroza, kabla hata hajaketi.

"Umemwona?"

"Nimwone wa nini? Juzi hakuwa hata na kiberiti. Leo biashara zimefunguliwa, anashusha sukari ya magunia kutoka Musoma, na zizi limemjaa. Mtu wa namna hiyo ataheshimu miba?"

"Baba Gati, sabuni yake unaogea."

"Naogea, lakini simwamini."

Shaka hiyo haikuanza siku ile. Zamani baba yake Nyamhanga aliweka mtamba mmoja kwa baba yake Stanislausi, kwa desturi ya pale: mtunzaji hunywa maziwa, lakini ng'ombe na uzao wake hubaki mali ya mwenyewe mpaka siku ya kugawana. Wazee hao wawili walifariki bila kugawana, na uzao ukabaki zizini kwa Stanislausi. Baada ya Pasaka, Nyamhanga alimkuta Stanislausi karibu na mnada wa Kiabakari akimswaga jike mmoja wa uzao huo, mwekundu mwenye baka jeupe usoni. Stanislausi alieleza kwamba anampeleka kwa dume la rafiki yake. Nyamhanga hakusadiki neno. Aliikamata kamba mbele ya umati, akapaza sauti: "Huyu ni wangu, tangu pembe hadi kwato! Asithubutu mtu kumuuza." Jike alirudi zizini kwa Stanislausi, kwa kuwa bado hawakugawana, lakini tangu hapo hawakusalimiana ila kanisani, na hapo nako kwa shingo upande.

Sasa Nyamhanga akaanza kuvizia. Kila asubuhi alijibanza nyuma ya jiwe kubwa juu ya bonde, mpaka siku moja, umande ukiwa umekwisha kukauka, akawaona ng'ombe wakishuka bila mchungaji. Hakuwakagua; alitazama tu njia waliyotokea, nayo ilitoka moja kwa moja kwenye zizi la Stanislausi. Angeweza kuwarudisha kwa jiwe moja. Hakurusha. Ng'ombe aliyesimama nje hana faini, naye faini ndiyo aliyoitamani. Wa kwanza alipokwisha kuisukuma miba kwa pembe na kuzama katika majani marefu, Nyamhanga akapiga yowe la kuita kijiji. Wale wengine wakashtuka na kukimbia.

Watu walifika, na Stanislausi miongoni mwao, akihema.

"Wazee wangu," Nyamhanga alisema, "nilinyamaza muda mrefu. Leo mwizi wa majani amepatikana. Naomba sheria ifuatwe pasipo huruma, asije mtu akatuletea habari za mchungaji kusinzia."

"Pasipo huruma?" aliuliza Clementi, aliyekuwa mkubwa wa wazee wote.

"Hata chembe."

"Basi mtoeni huyo ng'ombe."

Vijana wawili wakaingia, wakamtoa. Alikuwa jike mwekundu. Alipogeuza kichwa, akingali anatafuna, baka jeupe likaonekana na wote.

Mtu mmoja akakohoa. Stanislausi akavua kofia.

"Mzee Nyamhanga, mimi namtunzaga tu. Pale Kiabakari ulisema mwenyewe, tangu pembe hadi kwato. Au leo kwato ni zangu na pembe ndizo zako?"

Kicheko kikalipuka.

"Umemfundisha!" Nyamhanga alifoka. "Umemfundisha kusukuma miba ili unikomoe!"

"Mzee wangu, ningejua kufundisha ng'ombe, ningewafundisha kujikamua."

Clementi akainua mkono, watu wakatulia. "Nyamhanga, nami nilikuwepo Kiabakari. Nakuuliza mara moja tu: ng'ombe huyu ni wako au si wako?"

Nyamhanga alimtazama jike, akamtazama Stanislausi. Kumkana kulikuwa kumpoteza yeye na uzao wote; kumkubali kulikuwa kutoa fahali pekee aliyekuwa naye. Zaidi ya hayo, nani angemsikiliza tena mlinzi aliyeikimbia sheria yake mwenyewe?

"Ni wangu," alisema.

Alimleta fahali kwa mkono wake, akamkabidhi Clementi kamba. Nyama ikachomwa ukingoni mwa bonde, ikaliwa. Stanislausi naye alikula, bila kumtupia macho. Nyamhanga aliketi peke yake upande wa upepo, mikono mitupu, kifungo cha shingoni kimefungwa, mpaka mfupa wa mwisho ulipotupwa na Clementi akasimama kutangaza kwamba faini imelipwa.