Mstari Mwekundu kwenye Barua ya Maysie

Mkanda ulisikika kabla ya mtu kuonekana. Verlina Stiltner alikuwa bado getini, mkono mmoja kwenye komeo, mwingine umeshika bahasha ya fomu, aliposikia kipigo kikitua na mtoto akinyamaza. Kunyamaza huko ndiko kulikomtisha. Mtoto anayelia bado ana tumaini la kuhurumiwa.

Kwenye bonde lile huingii uani kwa mtu bila kuita. Watu huegemeza bunduki nyuma ya mlango kama wengine wanavyoegemeza ufagio.

"Wenyewe! Ni Verlina, binti Odell! Natoka shuleni!"

"Rudi huko huko!" Dorsey Ratliff, baba wa nyumba hiyo, alijibu kutoka jikoni.

Akaingia hivyo hivyo. Kazi yake ilikuwa kuwaeleza wazazi sheria za mitihani, nazo zilikuwa zikigeuka kila mwaka kama hali ya hewa ya mlimani. Safari hii sheria ilisema mtoto wa darasa la tatu asiyefikisha alama za kusoma hapandi la nne. Mlango uliobaki ulikuwa mmoja: mzazi atie saini fomu ya mtihani wa marudio. Mwisho ulikuwa leo Ijumaa, saa kumi alasiri. Fomu ya Maysie Ratliff haikuwa imerudi, na Maysie mwenyewe hakuonekana darasani siku ya pili sasa.

Alimkuta amejibana kati ya jiko na ukuta, miaka minane, miguu ina michirizi mpaka nyuma ya magoti. Mama yake, Ruthanne, alikuwa akikoroga maharage amewapa ubavu, mdomo umepasuka.

"Haa, mwalimu wa wazazi kaja," Dorsey alisema, akiuzungusha mkanda kiganjani. "Njoo uone kazi yako. Si wewe uliyesema pale ukumbini, nyekundu ni hatari? Nilikuwepo, bibie. Nilisimama nyuma kabisa."

Ilikuwa kweli. Ile chati ya rangi za alama Verlina aliichora mwenyewe mezani kwake, mwanawe akiwa amelala mapajani: kijani, njano, nyekundu, ili wasiojua kusoma vizuri wasione aibu. Hakuwaza kwamba mtu angeweza kubeba rangi tu, bila maelezo, hadi nyumbani.

"Kaka Dorsey, siku ile sikueleza yote. Nipe dakika mbili tu."

"Colt alileta ya kijani!" Alinyoosha kidole kwenye friji, ambako barua ya matokeo ya kaka yake Maysie, ya miaka minne iliyopita, ilikuwa imeshikiliwa na sumaku yenye umbo la samaki. Ya Maysie ilikuwa kando yake, na mstari wake mwekundu. "Huyu ananiletea damu. Anachezea shule huyu!"

"Sawa. Hebu soma namba chini ya rangi."

Kijiko cha Ruthanne kikasimama sufuriani. Verlina akaelewa, kwa kuchelewa, kwamba ameweka kidole kwenye kidonda.

"Unanipa mtihani? Ndani ya nyumba yangu?"

Dorsey akamkamata Verlina nywele akambamiza kwenye friji, mara moja, mara ya pili. Sumaku zikamwagika sakafuni. Verlina alihisi jino limelegea, na ladha ya chuma ikajaa kinywani, lakini alizidaka zile barua mbili akaziinua mbele ya uso wa Dorsey.

"Colt, mia nne thelathini na tatu!" alisema, damu ikimtoka kidevuni. "Maysie, mia nne arobaini na moja! Kampita kaka yake, Dorsey! Wamepandisha mstari wa kufaulu, ndicho walichofanya. Mtoto hajashuka!"

Mkono ukainuka mara ya tatu. Ruthanne akageuka na kikaango cha chuma, mkate wa mahindi ukiwa bado ndani, wa moto, akakishusha kichwani kwa mumewe. Mlio ulikuwa mzito, kama gogo linapopasuka. Dorsey akaanguka kwa magoti, kisha kifudifudi. Damu na mkate vikachanganyika sakafuni.

"Miaka kumi na mitatu," Ruthanne alikiambia kikaango. Kisha akamgeukia Verlina. "Nisaini wapi?"

Verlina akachomoa fomu kwenye bahasha, lakini macho ya Ruthanne yalikuwa yamejaa machozi, karatasi haioni. Maysie akatoka pembeni mwa jiko, akichechemea, akaweka kidole. "Hapa, mama. Saini ya mzazi au mlezi."

Tone likadondoka kutoka mdomoni mwa Ruthanne, likatua kando ya jina lake.

Nyuma yao Dorsey alikuwa anatambaa kuelekea mlangoni, kwenye bunduki. Walimruka wakakimbia. Risasi ya kwanza ilipasua sanduku la barua. Ya pili ilikula tairi la nyuma la gari la Verlina. Hakusimama. Aliendesha maili tatu juu ya chuma kitupu, cheche zikiruka, Maysie amelala kwenye sakafu ya gari, mama yake juu yake.

Walifika ofisi ya shule saa kumi kasoro dakika sita. Karani, Bi. Imogene, aliwatazama mara moja, akainua simu kumpigia mkuu wa polisi wa wilaya, na kwa mkono wa pili akaipokea fomu.

"Ina damu," Verlina alisema. "Itakubaliwa?"

"Sheria inataka saini, mwanangu. Haijasema karatasi iwe safi." Akagonga muhuri kwa nguvu.

Wakisubiri polisi kwenye korido, Maysie alisimama mbele ya chati iliyobandikwa ukutani. Alisoma kwa sauti, polepole, bila kukosea hata neno moja. "Nyekundu ni hatari. Mzazi, chukua hatua haraka." Akageuka. "Umeandika wewe?"

"Ndiyo. Ni mimi."

Mtoto akatazama miguu yake.

Verlina akapanda kiti, akaibandua chati, akaiweka mezani upande mweupe ukiwa juu. Akatoa kalamu. "Nitaandika upya. Nitaweka namba, na nitasema mstari umehamishwa."

"Hiyo baadaye," Maysie alisema. "Kwanza andika wasitupige."

Akaandika.