Mafua Yasiyo na Homa

“Mwenzangu, mafua gani haya yanayopumzika Jumapili?”

Jirani, muuza mkaa, alimuuliza hivyo mama mmoja mchambua pamba siku moja huku akicheka, na swali likamkaa kichwani mpaka akaenda zahanati.

Nesi alimsikiliza bila haraka, Mungu ambariki. Ana homa? Hana. Viungo vinauma? Haviumi. Macho yanawasha? Mno. Makamasi je? Mepesi kama maji, mwezi wa tano sasa.

“Mafua huja yakaenda, mama, wiki moja au mbili. Hii ni aleji ya vumbi la pamba. Funika pua ukiwa kazini. Ukirudi oga, ubadili nguo, usuuze pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Na madirisha yafunguliwe.”

Akampa na vidonge.

Madirisha! Kwenye karakana ya magodoro alikochambua pamba hayakufunguliwa kamwe, maana upepo ukiingia pamba inapeperuka. Wenzake walimwita Mama Chafya, naye akicheka nao. Asubuhi ya pili baada ya zahanati, msimamizi alimngoja mlangoni na fomu ya ruhusa ya ugonjwa.

“Tia sahihi. Nimeandika mafua, umeyatoa nyumbani. Pumzika wiki, urudi.”

“Si mafua, bosi. Nesi kasema ni vumbi letu hili.”

Msimamizi akashusha sauti. “Mama, usinitafutie balaa. Ukisema vumbi, hawa wote sita watataka barakoa. Mafua, kazi unayo. Vumbi, huna.”

Kalamu alishaishika. Aliwafikiria wanawe wawili. Nyuma ya msimamizi, mchambuaji mkongwe kuliko wote alikuwa akifikicha macho kwa mgongo wa mkono. Mwaka wa pili huo anaambiwa ana mafua, naye anameza dawa za mafua.

Akairudisha kalamu mezani, akamwendea yule mkongwe.

“Shangazi, hayo yako nayo si mafua.”

“Nani kasema?”

“Homa huna, macho yanakuwasha kutwa. Nenda zahanati ukamwone yule nesi mfupi. Na kesho uje umejifunga kitambaa puani, hata wakikucheka.”

“Na wewe kesho utakuwa wapi?”

“Mungu anajua. Miaka minne amenilisha humu, na pumzi kaniachia. Nashukuru.”

Akavua aproni, akaikunja vizuri kama ya kuvaliwa kesho, akaiweka juu ya fomu isiyo na sahihi, akatoka.