Kusalimia Breki

Siku gari lile lilipowaka, wote waliokuwa uani walipiga makofi isipokuwa mimi. Mume wangu alilengwalengwa na machozi. Binti yetu, ambaye tangu alipojua kusema tunamwita Chiriku, aliruka huku akimkumbatia baba yake. Fundi aliinua spana juu akacheka. Mimi nilisimama mlangoni mwa jiko na kitambaa cha vyombo mkononi, nikawaza: kumbe lile dude halikufa. Miaka yote nilikuwa nikijifariji kwamba limekufa.

Lilikuwa gari la spoti la viti viwili, fupi, la kijani kilichokolea, lenye paa la turubai na pua ndefu kuliko adabu. Mume wangu alilinunua ujanani, kabla hajanijua. Nilipokuwa na mimba ya Chiriku nilimwambia achague: ama gari liingie gereji likae humo, ama mimi nirudi kwa mama. Akaliingiza gereji. Sijutii neno lile mpaka leo. Huwezi kumpitisha mwenye mimba kwenye kona kwa kasi ile, halafu ukamwambia atulie, gari linapenda kona.

Lakini mume wangu ni fundi saa, na mtu wa saa hawezi kuona chombo kimelala akanyamaza. Dukani kwake kuna saa za ukutani ambazo wenyewe walishazisahau, na bado kila Jumamosi huzitia ufunguo moja moja, kwa vidole viwili, akisikiliza. "Chombo hakitaki nguvu," husema. "Kinataka kukumbukwa." Basi na gari akalifanyia vivyo hivyo. Kila Jumamosi akishafunga duka alipitia gereji, akakaa nyuma ya usukani, akakanyaga breki taratibu mara kadhaa, eti isigande. Aliita kusalimia breki. Chiriku alipokuwa mdogo alipakatwa humo, na miguu yake ilipofika kwenye pedali akarithishwa kazi. Wao wakiwa hawapo, nilitumwa mimi. Nilikaa kwenye kile kiti kama niko kwa daktari wa meno, nikakanyaga kidogo, nikatoka. Pedali ilikuwa ngumu, nzima, inakurudishia mguu vizuri tu.

Sasa Chiriku alikuwa amepata kazi kwenye maabara ya maji katika mji mwingine, na baba yake alishamwahidi tangu utotoni kwamba siku atakayokwenda kujitegemea atakwenda na gari lile. Mwenye kusahau ahadi nyingine zote, hii aliishika. Mtoto wetu ni huyo mmoja. Wenye watoto wengi huogopa kwa mafungu. Mimi uoga wangu wote umewekwa mahali pamoja.

Fundi waliyemleta tulimwita Fundi Pole, kwa sababu kila gari analolifungua boneti analiambia pole kwanza kama mgonjwa. Hili letu aliliambia pole nyingi. Tangi lilikuwa na petroli iliyogeuka kama gundi, inanuka mpaka sebuleni. Panya walikuwa wamezalia kwenye njia ya hewa. Matairi yalipasuka kwa kuguswa. Kabureta aliifungua ikawa vipande vidogo vidogo mezani pangu, mume wangu akavisafisha kwa brashi ya saa, na siku hizo zote tulikula chakula magotini. Waya wa hendibreki ulikatika alipouvuta mara ya kwanza, maana mume wangu hakuwahi kuitumia. Gari lilizuiwa kwa kipande cha gogo chini ya gurudumu. Fundi akafunga waya mpya, na mimi nikamsimamia. Nikamwambia auvute. Akavuta. Nikamwambia tena. Akavuta, akamtazama mume wangu.

"Mama yuko makini," akasema.

"Mama ni mwoga," Chiriku akajibu kutoka chini ya gari.

Mwoga, ndiyo, na sioni haya. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi ndiye niliyeshona viti vipya, kwa kuwa kushona mapazia na viti ndiyo kazi yangu, na kila mshono niliurudia mara mbili.

Siku ya kumalizia, Fundi Pole alifuta mikono, akauliza, "Mzee, kwenye breki nifungue na pampu?"

"Ya nini?" mume wangu akasema. "Hiyo haijalala hata wiki moja. Kanyaga mwenyewe usikie."

Fundi akakanyaga, kwa adabu, kama sisi sote tulivyokuwa tukifanya. Akatikisa kichwa kuridhika. "Kweli. Iko macho."

"Fungua," mimi nikasema.

"Mama Chiriku," mume wangu akacheka, "wewe ungeachiwa, hata honi ungetaka ifunguliwe."

"Mama, pampu nzima ukiichokoza ndiyo unaiharibu," fundi akaniambia kwa upole.

Ningesema nini? Breki ile niliijua kwa mguu wangu. Katika gari zima, kilikuwa kitu kimoja tu ambacho hata mimi sikukiogopa.

Asubuhi ya majaribio Chiriku alishakaa kwenye usukani. Mume wangu alikuja amevaa shati la kutokea, akaelekea mlango wa abiria. Nikamtangulia.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Kupanda."

"Wewe? Humu?"

"Ukikaa wewe, ataendesha kukufurahisha. Nikikaa mimi, ataendesha kuninyamazisha. Bora ya pili."

Chiriku akaangua kicheko. Mume wangu akanitazama kidogo, akanifungulia mlango, akanifunga mkanda mwenyewe. Sikumwambia sababu nyingine, kwamba kama kuna kitu kitampata mtoto wangu, sitaki kuja kuelezwa.

"Usishike kitu chochote," akanionya. Hendibreki ya gari lile iko upande wa abiria, karibu na goti. Waliolitengeneza wanajua wenyewe kwa nini.

Tukatoka getini. Watu walisimama. Kinyozi alitoka na mashine mkononi, na mteja wake akamfuata akiwa na shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa. Chiriku alikuwa anachekacheka peke yake. Kwenye makutano ya kwanza alikanyaga breki taratibu, gari likasimama. Makutano ya pili, vivyo hivyo.

"Unaona, mama? Linasikia."

"Tazama mbele."

"Natazama. Mama, umeshika kiti mpaka utakitoboa, na umekishona mwenyewe."

Nikaachia kiti. Kusema kweli nilianza kupumua. Upepo ulikuwa mzuri, mtoto wangu alikuwa na furaha ambayo sijamwona nayo siku nyingi, na nikawaza labda mwoga naye hukosea.

Kisha tukaanza kushuka mlima. Barabara ile inashuka moja kwa moja, kushoto ukuta mrefu wa shule, kulia maduka ya vifaa vya ujenzi, na chini kabisa inakutana na barabara kuu ambako malori hayakatiki. Tulikuwa hatujafika nusu, lori la mchanga likatoka kinyumenyume kutoka kwenye uwanja wa duka, bila honi, bila mtu wa kuliongoza.

"Kanyaga!" nikapiga kelele.

Chiriku akakanyaga kwa mguu wote. Niliona goti lake likishuka, likaendelea kushuka, halikurudi. Hakukuwa na mlio wowote. Akanigeukia, na uso wake ulikuwa ule wa mtoto mdogo aliyepotea sokoni.

"Mama, hakuna kitu."

Akakanyaga tena na tena, pedali inapiga sakafu kama kiatu kisicho na mguu. Akakata usukani. Tukapita kati ya mkia wa lori na ukuta wa shule, kioo cha pembeni kikang'oka, nikasikia kikivunjika nyuma yetu. Tulikuwa tumelipita lori, lakini mlima ulikuwa umebaki, na chini naona malori yanapishana. Chiriku, ambaye hajawahi kunyamaza tangu azaliwe, alikuwa kimya.

"Gia," nikasema. "Baba yako alikuwa anashusha gia."

Akashusha. Injini ikalia, gari likapungua, lakini halikutosha. Nilimtazama mwanangu, jasho limemlowesha mdomo wa juu, nikajua kabisa kwamba tunakwenda kufa na kwamba yeye atafika kwanza, maana malori yalikuwa yanatokea upande wake.

Sijawahi kuendesha gari hata siku moja. Lakini ule mkono wa hendibreki niliujua, nilimwona fundi akiuvuta kwa ajili yangu tena na tena. Nikaushika kwa mikono yote miwili nikavuta mpaka bega likalia. Gari likapiga mayowe kwa nyuma, likageuka ubavu, likaburuzika, likasimama na gurudumu moja kwenye mtaro. Lori likapita mbele ya pua yetu likitupigia honi, vumbi lake likatufunika.

Chiriku akazima injini.

Mume wangu na Fundi Pole walikuwa wanatufuata kwa pikapu ya fundi, mbali kidogo. Walifika mbio. Mume wangu alikwenda kwanza kwa Chiriku, akamshika kichwa, mikono, magoti, akimhesabu. Kisha akaja upande wangu. Bado nilikuwa nimeushika ule mkono wa breki.

"Achia, Mama Chiriku," akasema. "Limesimama."

"Sijui."

"Limesimama, mke wangu." Akanibandua kidole kimoja kimoja, kwa vidole vyake viwili vya saa.

Tulipolivuta mpaka nyumbani, Fundi Pole aliitoa pampu ya breki akaifungua juu ya meza yangu. Safari hii hakuliambia gari pole. Ndani ya lile bomba dogo, nusu ilikuwa inang'aa kama kijiko. Kisha palikuwa na mstari, na kuanzia pale mpaka mwisho ni kutu tupu, kali. Mpira mdogo unaosukuma mafuta ulikuwa umechanika vipande.

"Mnaona," akasema, na hakumtazama yeyote. "Hapa ndipo mlipokuwa mnafika kila wiki. Mpira umepasugua, pamekuwa safi. Huku ndani hamkuwahi kufika. Leo amekanyaga mpaka mwisho, mpira ukaingia kwenye kutu, kutu ikaula. Nilipaswa kufungua, mama. Nimekosa."

Mume wangu akachukua kile kioo chake cha jichoni anachokagulia saa, akakipachika, akaiinamia pampu. Alitazama muda mrefu.

"Baba," Chiriku akamwita.

Alipoinua uso kioo kilikuwa kimejaa machozi. "Nimekuwa nikisalimia nusu," akasema. "Miaka yote hii, nusu." Akakaa chini sakafuni na shati lake la kutokea.

Mdomo wangu ulifunguka kusema niliwaambia. Ulifunguka kabisa. Nikaufunga, nikakaa naye pale chini.

Nilidhani mambo yameishia hapo, na nilishukuru. Mume wangu mwenyewe alisema gari lirudi gereji. Lakini Chiriku alivaa ovaroli akaenda kumwita Fundi Pole. Wakafungua kila kitu: pampu mpya, mipira mipya ya breki za magurudumu yote, mabomba mapya, mafuta mapya. Baba yake akasimama pembeni kwanza, kisha akainama nao.

"Bado unataka kwenda nalo?" nikamuuliza mwanangu.

"Nataka."

"Huogopi?"

"Naogopa, mama. Ndiyo maana nafungua."

Alikuwa amenirithi, na sikujua.

Kuanzia siku hiyo breki ile niliichukua mimi. Kila nilipopita uani niliingia, nikashika usukani, nikakanyaga kwa miguu yote miwili na uzito wangu wote, ambao si haba, mpaka kiti kikalia. Mume wangu mwanzoni alikuwa anakunja uso kama ninapiga saa na nyundo. Baadaye akawa ananiambia, "Tena."

Chiriku akaondoka asubuhi moja, sanduku lake limefungwa nyuma. Nilikuwa nimetunga maneno mengi ya kumwambia, yote yakapotea.

"Ukikanyaga, kanyaga," nikasema. "Usibembeleze."

"Sibembelezi, mama."

Tulimsindikiza kwa miguu mpaka juu ya mlima, mimi na mume wangu, yeye kashika kile kipande cha gogo ambacho hakuna aliyejua sasa kiwekwe wapi. Tukasimama. Gari la kijani lilishuka, likaupita ukuta wa shule, likalipita duka la vifaa vya ujenzi, likawa dogo. Kule chini malori yalikuwa yanapita.

Taa nyekundu zikawaka. Zikabaki zimewaka, gari likasimama kabisa, lori moja likapita, na jingine. Kisha zikazimika, Chiriku akakata kona, hatukumwona tena.

Mume wangu akatazama chini, miguuni pangu. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umekandamiza vumbi mpaka vidole vimezama.

"Achia, Mama Chiriku," akasema. "Ameshapita."

Sikuachia.