Kurasa Hamsini za Mwisho wa Bosibori

Mokeira alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, na kazi yake ilikuwa katika saiba moja pale Ekerenyo, mkabala na stendi ya bodaboda. Aliwajazia watu fomu za serikali kwenye kompyuta na kuwachapishia vyeti. Wateja wakipungua, aliandika kwenye blogu yake kuhusu riwaya za vijana. Ilikuwa na wasomaji kama mia nne hivi, wengi wao wanafunzi wa sekondari wa Kisii na Nyamira, pamoja na mwalimu mmoja aitwaye Mogire, ambaye alizoea kulisomea darasa lake makala hizo.

Mwezi wa Machi aliandika makala mbili katika wiki moja. Ya kwanza ilikuwa ushauri kwa wanaotaka kuanzisha blogu za vitabu. Aliwaambia waandike kama wanavyoongea na rafiki, wasisifu kitabu kwa sababu tu wamepewa bure, na zaidi ya yote, wasikihukumu kitabu ambacho hawajakimaliza. Ya pili ilihusu wasimulizi wa riwaya anaowapenda. Aliyemtanguliza alikuwa Bosibori, msichana wa miaka kumi na mitano anayesimulia jinsi mdogo wake alivyopotea sokoni. "Huyu," Mokeira aliandika, "ndiye msimulizi mkweli kuliko wote niliowahi kusoma. Hakufichi kitu."

Ukweli ni kwamba kitabu chenyewe hakuwa amekimaliza. Alikiazima maktaba mjini Kisii, siku ya kukirudisha ikafika akiwa amebakiza kurasa hamsini, akaona mwisho anaweza kuukisia.

Siku ya pili yake msomaji mmoja kwa jina Istarlin aliacha maoni. "Dada Mokeira, makala nzuri. Lakini si Bosibori ndiye aliyemwacha mtoto makusudi? Anakiri kwenye sura ya mwisho."

Mokeira aliyasoma mara mbili. Akayafuta maoni hayo. Alijiambia kwamba ameyafuta kwa sababu yanafichua mwisho wa hadithi.

Jumapili iliyofuata, msichana mmoja aliyevaa hijabu ya kijani aliingia saiba, akasimama mbele ya meza yake.

"Habari, dada. Wewe ndiye Mokeira wa blogu? Uliandika kwamba unafanya kazi hapa."

"Ndimi. Karibu."

"Naitwa Istarlin. Baba yangu ana duka la nguo mjini Kisii, na leo amekuja kumwona mteja wake huku, nikamwomba tuje pamoja." Alitoa simu. "Niliandika maoni kwako yakapotea. Nikafikiri simu yangu ina shida. Mimi nataka kuanza blogu yangu, sasa nikasema nije unionyeshe nakosea wapi."

"Labda ni mtandao," Mokeira alisema. "Siku hizi unasumbua."

Istarlin aliuamini uongo huo. Alivuta kiti kwenye kompyuta iliyokuwa wazi, akaanza kuandika upya maoni yake polepole, kwa vidole viwili. Alipomaliza aligeuka. "Dada, hebu niangalizie kabla sijatuma. Nimeandika kwa adabu? Sitaki uone kama nakukosoa."

Mokeira aliinama kusoma. Safari hii msichana alikuwa ameongeza maneno: labda yeye mwenyewe ndiye hakuelewa, na angefurahi kuelezwa. Mokeira alishindwa kuendelea kudanganya.

"Simu yako haina shida," alisema. "Niliyafuta mimi. Kitabu sikukimaliza."

Istarlin akaitia simu yake kwenye mfuko wa kitambaa. "Lakini ulituambia tusifanye hivyo."

"Niliwaambia."

"Mimi niliinakili ile makala kwenye daftari."

Mokeira alidhani msichana atatoka aende zake. Badala yake Istarlin alifungua mkoba, akatoa kile kitabu, kikiwa na muhuri wa maktaba ya shule yao. "Baba hatamaliza kabla ya saa tisa. Soma."

Mokeira akasoma. Katikati aliingia mzee Obwocha akitaka kuchapishiwa fomu ya basari, ya kuomba msaada wa karo ya mwanawe, kisha wanawake wawili waliotaka kupigwa picha za pasipoti. Kila alipowahudumia alirudi kwenye ukurasa aliokuwa. Alipofika pale Bosibori anapouachilia mkono wa mdogo wake kwa hasira, kisha anahesabu hatua zake mwenyewe akiondoka, alikifunga kitabu kwa muda, akakifungua tena.

"Alinidanganya tangu ukurasa wa kwanza," alisema alipomaliza.

"Ndiyo. Mimi simpendi."

"Mimi nampenda zaidi sasa."

"Kwa nini? Si mtoto alipotea kwa sababu yake!"

"Kwa sababu imembidi azunguke kurasa mia mbili ndipo aweze kulisema jambo hilo."

Istarlin alitikisa kichwa, hakukubali. Walibishana hadi baba yake, Abdimajid, alipomwita kutoka nje.

Jioni hiyo Mokeira aliandika makala mpya. Alieleza kwamba alimsifu Bosibori bila kufika mwisho, na kwamba aliyafuta maoni ya msomaji aliyemsahihisha, akamtaja Istarlin kwa jina na kumwomba radhi. Watu kadhaa walimcheka. Mwalimu Mogire alimwandikia kwa ufupi kwamba kwa sasa hatalisomea darasa lake blogu hiyo. Mokeira aliumia, lakini hakumjibu kwa kujitetea, alimshukuru tu.

Mwezi wa Mei Istarlin alianza blogu yake. Makala ya kwanza ilimhusu msimulizi mwingine kabisa, kijana mwenye kigugumizi anayefuga nyuki, na Mokeira hakuwa amewahi kusikia habari za kitabu chake. Alimpigia simu kukiomba.

"Kiko kwa Linda, rafiki yangu," Istarlin alisema. "Baada yake anakichukua kaka yangu Gulled. Wewe utakuwa wa tatu, dada."

"Mpaka lini?"

"Linda husoma polepole. Labda Juni."

Mokeira alisema atangoja.