Ngozi ya Mastangi

Kaka yangu Dominiko aliuza akili zake kwa bati jekundu, tena mchana kweupe, mbele ya watu, akiwa hajaonja hata pombe. Nalisema mapema asije mtu akaniambia alirogwa. Hakurogwa. Alitaka kuonekana tu, basi.

Mwaka ule, ule wa foleni za sabuni, binti yake Theopista alichumbiwa na Telesphori, kijana wa Kharumwa aliyekuwa akinunua dhahabu kwa wachimbaji wa upande wa Geita, kwa njia ambazo hakuna aliyemuuliza. Mahari ilishapangwa: ng'ombe thelathini. Na kila mtu pale Ushirombo alijua kwamba ng'ombe hao hawakuwa wa Dominiko. Walikuwa wa Ignas, mwanawe. Kwetu binti akiolewa, ng'ombe wake ndio wanaomwolea kaka yake. Wanapumzika zizini kidogo, kisha wanaendelea na safari. Ignas alikuwa ameshamposa Serafina, binti wa Ansgar wa Masumbwe, na Ansgar alikuwa amengoja msimu mzima bila kulalamika. Bila mahari ya Theopista, Ignas hakuwa na Serafina.

Siku ya kukagua mahari ilipofika, Telesphori alimwambia Dominiko asihangaike kwenda Kharumwa zizini, yeye atakuja. Akaja. Hakuja na ng'ombe. Alikuja na gari jekundu lenye farasi wa bati mbele, likinguruma mpaka kuku wa jirani wakahama.

"Shikamoo Baba. Ng'ombe wanakufa kwa ndigana," alisema, akishuka taratibu ili tumwone vizuri. "Nimeona nikuletee kitu kisichokufa. Hii ni Mastangi ya mzungu aliyekuwa mgodini Geita. Mgodi ulipofungwa akaiacha. Marekani huko wanaifanyia mashindano."

Dominiko alikuwa amewaita wazee wawili wa ukoo wamsaidie kukagua ng'ombe, na kwa kuwa ng'ombe hawakuwapo, wakakagua gari. Walilikagua vilevile kama wanavyomkagua ng'ombe. Walilizunguka mara kadhaa. Mmoja akalipiga kofi matakoni. Mwingine akachuchumaa mbele, akayatazama meno ya ule wavu wa rejeta, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kana kwamba ameujua umri wake. Wakaona kovu kwenye madigadi ya kushoto.

"Hili nalo?"

"Lilikwaruzwa na mti, mzee."

Wakakubali. Kovu la mti si kasoro. Wanachokataa wao ni kovu la fisi.

Wanawake hatukagui mahari, lakini macho ninayo. Niliona gari limenyanyuka nyuma kama ng'ombe anayeamka. Niliona magurudumu makubwa kuliko nafasi yake, na madigadi yaliyokatwa kwa msumeno ili yaweze kuingia. Kisha nikaingiza kichwa dirishani, nikacheka peke yangu. Kando ya gia kulikuwa na vyuma viwili vifupi, kimoja kina kichwa chekundu, kingine cha njano. Hebu niambieni, nani pale Ushirombo alikuwa havijui? Landrova ya misheni ilishatubeba sote, wajawazito, wagonjwa, hata marehemu, na vile vichwa viwili vilikuwa palepale, chekundu na cha njano.

"Mwanangu Telesphori," nikamuuliza, "hicho chekundu cha kazi gani?"

"Hicho cha mbio, Mama Gregory. Ukikivuta, gari linaruka."

"Na cha njano?"

"Cha mbio zaidi."

Wazee wakapiga miluzi. Nilimvuta Dominiko nyuma ya nyumba.

"Kaka, hii ni Landrova imevaa nguo ya kuazima."

"Dada, wewe magari umeyajulia wapi?"

"Kulekule ulikoyajulia wewe, siku tulipompeleka mkeo hospitali akamzaa Ignas. Hicho cha njano kilinigonga goti njia nzima."

Alikumbuka. Najua alikumbuka, maana aligeuza uso akajifanya anatazama mihogo. Halafu akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeomba asisumbuliwe, "Lakini, dada, umeliona linavyong'aa?"

Nilikasirika. Nilimkumbusha kwamba ng'ombe wa mahari yangu mimi ndio waliomwolea yeye mkewe, na kama mume wangu angemletea baba yetu baiskeli mbovu iliyopakwa rangi, yeye Dominiko hadi leo angekuwa anajisongea ugali mwenyewe. Akasema wanawake tuna kelele. Akarudi mbele, akampa Telesphori mkono, na mahari ikawa imepokelewa. Kwetu ukishapokea mbele ya mashahidi, umepokea. Huwezi kurudi kesho kusema ng'ombe anachechemea. Theopista akaolewa, akaondoka. Alikaa nyuma ya lori la mizigo, kwa sababu bwana harusi hakuwa na gari tena.

Basi kaka yangu akawa mtu wa gari. Alinunua kofia. Petroli ilikuwa ya kutafuta kama dawa, hivyo aliliwasha mara moja kwa wiki tu, Jumapili asubuhi, kwenda nalo misa. Enzi hizo magari ya watu binafsi yalikuwa hayaruhusiwi barabarani Jumapili mchana, kwa hiyo padri akirefusha mahubiri Dominiko alikuwa anajikunja kwenye benchi kama mwenye tumbo la kuhara. Siku moja ya ubatizo, watoto walikuwa wengi, muda ukapita. Mnadhani alitembea? Alikaa kwenye usukani na kofia yake, vijana wakalisukuma gari hadi nyumbani, yeye akipungia watu mkono. Ignas alikuwa miongoni mwa waliosukuma. Nilimwona amelowa jasho, shati lake la misa limejaa vumbi, naye anatabasamu kwa adabu. Alikuwa anasukuma mahari ya Serafina, maskini, na bado aliamini.

Hatimaye Ansgar akaja kutazama alichoahidiwa binti yake. Huyu hakuwa mtu wa kudanganywa na rangi. Alikuwa na malori ya kupeleka pamba Shinyanga, na Landrova mbili zilishamzeekea mkononi. Alisalimia, akanywa maji, akaomba mkeka. Tulidhani anataka kukaa. Akautandika chini ya gari, akavua koti, akaingia chali. Alikaa huko muda mrefu, tunaona viatu tu. Dominiko alisimama karibu na vile viatu, mikono nyuma.

Ansgar alipotoka alijikung'uta, akapitisha kiganja juu ya paa, mbele kwenda nyuma.

"Umelionaje, mwenzangu?" Dominiko akauliza.

"Chesesi ni ya Landrova. Injini ya Landrova. Ekseli, gia boksi, mpaka usukani. Mafundi waliolichomelea wanajua kazi, hilo siwanyimi. Kilicho cha Mastangi ni bodi tu, na bodi yenyewe ilishapinduka. Paa limenyooshwa kwa nyundo. Weka mkono hapa, utasikia mabonde."

Dominiko hakuweka mkono. "Na thamani yake?"

"Kama Mastangi, halina thamani. Anayetaka Mastangi anataka ule moyo wake, na moyo haumo. Wewe umeletewa ngozi, Dominiko. Mnyama alishaliwa na watu wengine."

Sitaficha, maneno yale yaliniingia kama uji wa moto siku ya baridi. Nilikuwa nimeyangoja miezi. Lakini Ansgar hakuwa mtu wa kumcheka mwenzake nyumbani kwake, akaendelea kwa upole.

"Kama Landrova, ni jambo jingine. Chesesi nzima, haina kutu. Mimi naihitaji kwa pamba. Nitaihesabu kuwa ng'ombe kumi na watano, na waliobaki nitawangoja, Ignas ni mchapakazi. Ila hii ngozi itoke. Humu siwezi kupakia hata gunia moja. Ikatwe wiki hii, niondoke na Landrova, na Jumapili padri wa Masumbwe atangaze ndoa."

Nilipiga kigelegele palepale, sikuweza kujizuia. Ng'ombe kumi na watano kwa ujinga ule! Kaka yangu alikuwa ameokolewa na mtu aliyekuwa na haki ya kumkung'utia vumbi na kuondoka. Ignas hakungoja kuambiwa. Alikimbia stoo, akarudi na msumeno wa chuma, uso wake unang'aa kuliko gari.

"Ngojeni kwanza," akasema Dominiko.

Alikuwa amesogea mbele ya gari. Alikuwa anamfuta vumbi yule farasi wa bati kwa mkono wa shati.

"Ansgar, umesema mwenyewe. Injini si yake, chesesi si yake. Basi hii bodi ndiyo kitu cha asili kilichobaki. Mkiikata, Ushirombo nzima hakuna tena Mastangi."

"Haipo hata sasa, Baba Ignas," alisema Ansgar.

"Watu wanaiona."

Ignas akasogea, msumeno mkononi.

"Na mimi, Baba?"

Dominiko hakumtazama. Aliendelea kufuta. "Wewe bado kijana," akasema.

Ignas aliulaza msumeno juu ya mkeka, taratibu, asiuangushe. Alimwendea Ansgar, akamwomba radhi kwa safari ndefu ya bure, kwa adabu iliyonichoma kuliko kama angelia. Ansgar alivaa koti lake, akamshika mkono kijana yule muda mrefu, kisha akanigeukia mimi. "Wabeja, mayu, kwa maji," akanishukuru. Mimi ndiye niliyemsindikiza hadi barabarani, maana mwenyeji wake alikuwa amebaki anatafuta vumbi mahali ambapo halikuwapo.

Njiani nilisema kila nilichokuwa nacho juu ya kaka yangu. Ansgar hakunipinga.

Serafina aliolewa hukohuko Masumbwe baada ya kuvuna pamba, kwa ng'ombe wa kawaida, wenye kwato na kupe. Siku hiyo Ignas alikuwa kwangu, alikohamia na kirago chake tangu siku ile Ansgar alipoondoka, na sikuwa nimemwambia kwamba naijua tarehe ya harusi. Yeye hakuniambia kwamba anaijua. Alipanda kutengeneza paa la banda langu la mbuzi, akapigilia misumari mpaka jioni, hata kwenye mbao ambazo hazikuwa na shida yoyote.