Kivuli cha Mbodze

Jumatano baada ya uji wa saa nne, Mwalimu Wilkister Oyoo alifuta hesabu za asubuhi ubaoni na kuandika kichwa kipya: Watu Waliowasaidia Watumwa Kutoroka. Gredi ya Tano wakafungua vitabu. Nje malori ya mawe yalikuwa yakipita kuelekea Namanga Road, na vumbi la Kitengela liliingia dirishani likatua juu ya madawati. Kila mtoto alilifuta kwa mkono wa sweta, kama kila siku.

Kitabu kilikuwa na aya moja tu kuhusu jambo hilo. Kilisema kwamba baadhi ya watumwa wa pwani walitoroka mashambani wakaelekea bara, na kwamba baadhi ya wenyeji waliwaficha. Mwalimu aliisoma aya, akaieleza, akauliza kama kuna swali. Wanjira, msichana wa dawati la mbele ambaye kwa kawaida aliinua mkono akitaka kwenda chooni tu, alitaka kujua hao wenyeji waliitwa nani.

Kitabu hakikusema. Mwalimu Wilkister alijua kwamba watoto hawakumbuki mtu asiye na jina, kwa hivyo akatunga.

"Tuseme kulikuwa na mama mmoja," alisema. "Tuseme aliitwa Mbodze, na alikuwa akiwaficha kwa ghala ya mahindi."

Hodi ikapigwa. Mlangoni alisimama mama mzee aliyevaa sketi nyeupe ya marinda mengi, ile ya akina mama wa Kigiriama wa zamani. Darasa zima lilisimama na kuimba karibu mgeni, maana ndivyo walivyofundishwa. Mama huyo alishukuru, akasema yeye ndiye Mbodze na alikuwa amesikia akitajwa. Alikufa zamani, kwa homa, na kuhusu hilo hakuwa na malalamiko. Lakini hilo neno la ghala lilimkera. Ghalani kuna panya na vumbi la mahindi, na mtoro akipiga chafya mara moja amekwisha. Yeye aliwaficha kwenye kivuli chake.

Mwalimu Wilkister alisema angefurahi kama mgeni angewaonyesha, kwa sababu shule haikuwa na vifaa vya somo hilo.

Mbodze akasimama penye jua. Kiragu, aliyekaa karibu na mlango, aliambiwa akanyage kivuli, akakanyaga, asionekane tena. Walimsikia akicheka na kuuliza kama kweli haonekani. Mwalimu alimwambia atoke, kwani kazi yake ya nyumbani ilikuwa bado haijasahihishwa. Kufikia saa saba watoto wote walikuwa wameingia kivulini, mmoja mmoja. Walisema ndani kuna baridi nzuri na harufu ya moshi wa kuni, na mtu huona kila kitu. Walisema pia kwamba Kiswahili cha shosho huyo ni kigumu, kama cha ufahamu wa mtihani. Mwalimu akaweka sheria kwamba hakuna kuingia kivulini wakati wa kuita majina.

Bwana Isaac, mwalimu mkuu, alichungulia dirishani. Aliuliza kama mgeni atakula, ili jikoni waambiwe.

Wakati wa githeri Mbodze aliuliza watumwa wako wapi. Watoto walimweleza kwa adabu kwamba waliisha. Akauliza nani amesema. Wakasema ni kitabu. Mbodze alitafuna polepole, akasema labda siku hizi wanaitwa kwa jina lingine. Yeye hakuwahi kuwatambua kwa jina. Aliangalia kama mtu anafungiwa mlango kwa nje, kama karatasi zake zimeshikwa na mwingine, na kama akifiwa huenda kwao kuzika.

Watoto waliendelea kula, lakini vijiko vilikuwa vimepunguza kelele. Wanjira akainua mkono. Mwalimu Wilkister alimruhusu aende chooni.

"Si choo, Ticha," alisema Wanjira. "Kwetu kuna Ndeti."

Ndeti alikuwa ametoka Kitui wakati Wanjira bado yuko chekechea. Alipika, akafua, na kila Jumapili jioni alimsuka Wanjira nywele huku akimwimbia kwa Kikamba. Mamake Wanjira, Caro, alikuwa na duka la hardware karibu na stendi ya Kitengela na alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi pale shuleni. Kila asubuhi alipotoka alitia kufuli mlango kwa nje. Kitambulisho cha Ndeti na simu yake vilikaa ndani ya kabati la Caro ili visipotee. Babake Ndeti alipofariki, Ndeti aliambiwa angoje Desemba, na Desemba ilipofika kukawa na wageni. Wanjira siku zote alidhani kufuli ni ya kuzuia wezi. Sasa alijisikia akiyasema hayo mbele ya watu, na maneno yalikuwa na sauti tofauti na ile aliyoizoea.

Mwalimu Wilkister alisema warudie majina ya mito. Kandarasi yake ilikuwa inapitiwa na kamati ile ile ya Caro, na alikuwa amepanga nyumba hapo Kitengela pamoja na dadake. Watoto walirudia majina ya mito. Mbodze alikaa dawati la nyuma akaangalia jua. Alisema ataondoka saa kumi, kwani saa hizi kivuli ni kifupi, hakiwezi kuficha zaidi ya mtoto mmoja au kuku.

Saa kumi Mwalimu Wilkister alifunga mkoba wake. Alisoma tena kichwa cha somo kilichobaki ubaoni. Kisha akasema wale wa njia ya kina Wanjira watatembea pamoja, wawili wawili, na hakuna kukimbia.

Nyumba ya kina Wanjira ilikuwa ndani ya mtaa wenye ukuta na waya wa stima. Mlinzi, Meitamei, aliwafungulia wote, kwa kuwa walikuwa na mwalimu. Walizunguka hadi mlango wa jikoni. Ndeti alikuwa dirishani akichambua maharagwe, vyuma vya dirisha mbele yake. Mwalimu alimweleza kwa ufupi. Ndeti alisikiliza, akamtazama mama mwenye sketi nyeupe, akazima gesi.

Alisema hawezi kwenda bila kitambulisho, na kabati limefungwa. Wote wakamgeukia Wanjira.

"Ufunguo uko ndani ya kiatu cha harusi cha mum," alisema. "Kile cha kushoto."

Ndeti alirudi akiwa na mfuko mmoja wa plastiki. Mbodze alisimama jua likiwa mgongoni mwake, na kivuli chake kikanyooka hadi mlangoni, kikapita kwenye mwanya wa chini, kikafika sakafu ya jikoni. Ndeti alikanyaga. Alitembea juu yake kama mtu anayetembea juu ya mkeka, mlango uko pale pale na kufuli iko pale pale, hadi akawa nje. Hawakumwona, ila sauti yake ilikuwa karibu sana na sikio la Wanjira.

"Sasa wewe nani atakusuka?"

"Nitanyoa," alisema Wanjira.

Getini Meitamei alimwamkia Mbodze, "Takwenya," naye Mbodze, aliyekuwa amekutana na Wamaasai wengi wakati wake, akajibu, "Iko." Meitamei aliangalia kivuli kilichokuwa na vichwa viwili. Alifungua geti zaidi kidogo, kama afanyavyo gari likiwa na mzigo.

Watoto walienda makwao, na mwalimu na Mbodze wakaendelea hadi Athi River, mbali na duka la Caro. Ndeti alitoka kivulini kwenye stendi ya huko, kati ya muuza mayai na gari la Kitui. Kondakta alimwuliza kama ana mizigo. Mwalimu Wilkister alimlipia nauli na kumpa sweta lake, kwa maana upepo ulikuwa umeanza.

Asubuhi Caro alikuja shuleni. Hakupiga kelele. Alisema Ndeti alikuwa kama mtoto wake, na kwamba kitambulisho alikuwa anamtunzia tu. Alisema shule inalipwa ifundishe historia, si kuileta kwa nyumba za watu. Wanjira alipita na kichwa chake kilichonyolewa upara, na Caro akamwambia avae kofia. Kisha akamgeukia Mbodze aliyekuwa akiota jua barazani. Kwa vile alionekana kuwa mtu wa mashambani, Caro alimwuliza kama hajui msichana mwingine anayetafuta kazi.

Mbodze alimtazama kwa upole. Alisema anakumbuka mama mmoja mwenye shamba la minazi aliyemwuliza swali hilo hilo, na hata sauti walifanana.

Bwana Isaac akaamua. Mgeni angeweza kubaki, kwa sababu watoto walimpenda na uwanja wa shule haukuwa na miti. Mwalimu Wilkister angeendelea hadi mwisho wa muhula, kisha afundishe chekechea, rangi na maumbo. Na somo la watumwa lifundishwe katika wakati uliopita.

Jumatatu msichana mpya alifika kwa kina Wanjira. Aliitwa Soipan, na alikuwa ametoka upande wa Mashuuru. Caro alinunua kufuli kubwa zaidi. Aliita pia fundi akaziba mwanya wa chini ya mlango kwa mpira, kwa sababu ya vumbi, alisema.

Mtihani wa muhula ulikuwa na swali kuhusu lini utumwa uliisha. Wanjira aliandika: Kwetu uliisha Jumatano, ukarudi Jumatatu. Mwalimu Wilkister aliweka tiki. Bwana Isaac alipokagua aliifuta na kuweka sufuri, kwani mwongozo ulitaka mwaka.

Caro aliisoma karatasi hiyo sebuleni, miwani ikiwa puani.

"Na swali lilikuwa rahisi hivi," alisema. Aliiweka juu ya meza, akamwita Soipan alete chai, na Soipan akaileta.